Mgonjwa Akisema Ana Jini, Muulize Kwanza

Msomaji mmoja, muuguzi aliyehamia Uingereza karibuni, ameniandikia akiuliza afanye nini pale mgonjwa kutoka kwetu anapowaambia madaktari kwamba ana jini. Kwa kuwa najua anataka kufika mbali katika fani hii, kama sisi sote tuliovuka bahari, nitamjibu kwa kirefu.

Katika wodi ya magonjwa ya akili niliyofanyia kazi alilazwa mama wa pwani ambaye, kila alipopata habari nzito za nyumbani, alipandisha: sauti ilibadilika, akacheka, akalia, akapiga kichwa ukutani, kisha akatulia asikumbuke lolote. Daktari aliandika skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, na kuongeza dawa. Nilimweleza kwamba kwao mtu wa namna hii hupungwa kwa ngoma wala haitwi mwendawazimu, na kwamba hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1994 uliitaja zar, pepo wa Ethiopia, Somalia na Sudan, kwa dalili hizo hizo. Nilijibiwa kwamba kazi yangu ni kugawa dawa. Jibu hilo linaniuma mpaka leo.

Baadaye alikuja daktari bingwa aliyetumia mahojiano ya maswali 16 kuhusu utamaduni wa mgonjwa yaliyomo katika toleo la 2013 la mwongozo huo, na aliyeitwa kufasiri ni mimi. Mama alieleza mwenyewe watu wake wanaitaje hali hiyo, imeanzia wapi na nani huitibu, na ikadhihirika kwamba kati ya vipindi hivyo akili yake ilikuwa timamu kabisa. Utambuzi ukabadilishwa, dozi ikapunguzwa. Nilitembea kifua mbele wodini, nakiri.

Kwa hiyo, ndugu yangu, uliza. Uliza kabla ya kufasiri, na uliza tena familia inapokuwapo, maana mgonjwa aliye ugenini huficha jini lake akiogopa kuchekwa. Lakini tusijidanganye kwamba kila kitu ni mila: mtu anayeanguka na kupoteza kumbukumbu huenda ana kifafa, na mzazi anayesikia sauti siku chache baada ya kujifungua anahitaji daktari usiku huo huo. Dai vipimo vya magonjwa hayo kwa sauti ile ile unayomtetea nayo. Jamaa wakitaka shehe aje kumsomea dua, waombee ruhusa, ila hakikisha dawa hazikatizwi.