Shangazi, filamu imeniharibia vitabu vya baba

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi wa miaka 31, naishi Tanga na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 15. Nilipokuwa mtoto, marehemu baba alinisomea jioni vitabu vya Earthsea, hadithi za wachawi wa visiwani za mwandishi Mmarekani Ursula K. Le Guin, akivitafsiri papo hapo kwa Kiswahili. Baba alifariki wakati mdogo wangu ana miaka mitatu. Mwezi uliopita tulianza kutazama filamu ya katuni iliyotokana na vitabu hivyo, nami kwa hasira nikaizima kabla ya nusu saa. Mdogo wangu aliposema yeye ameipenda, nilimjibu kwamba hajui kitu, kwa kuwa hakusomewa na baba. Tangu siku hiyo ananiamkia asubuhi, basi. Je, nina wazimu kulilia katuni?"

Marahaba, mwanangu. Huna wazimu, na kwa habari ya filamu yenyewe unayo haki ya kulalamika. Katika dakika za mwanzo za filamu hiyo, iliyotengenezwa na Studio Ghibli ya Japani mwaka 2006 chini ya uongozi wa Goro Miyazaki, mwanamfalme Arren anamchoma baba yake kisu na kutoroka na upanga wake, ilhali katika kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka 1972, baba huyo yu hai, na ndiye anayemtuma mwanawe kisiwani Roke, penye shule ya wachawi, apeleke habari kwamba uchawi unafifia nchini. Le Guin mwenyewe aliandika kwamba mauaji hayo hayakuwa na sababu ya kuridhisha. Vilevile hakupendezwa na ubaya kubebeshwa mtu mmoja ili auawe na mambo yaishe, wala na watu wa visiwa vile kupaushwa rangi, kwa maana yeye aliwaandika wengi wao wakiwa weusi au wa rangi ya kahawia. Jambo ambalo, nadhani, marehemu baba yako hakulipita kimyakimya alipokuwa akikusomea.

Hata hivyo, soma tena barua yako. Vitabu vina mambo mengi yaliyobadilishwa, lakini wewe uliizima filamu muda mfupi tu baada ya mtoto kumuua baba. Uliketi mbele ya kioo ukitarajia kuisikia tena sauti iliyokusomea utotoni, na badala yake ukaonyeshwa baba akifa kwa mkono wa mwanawe. Hayo ni majonzi, mwanangu, wala usiyaonee haya. Yaite kwa jina lake tu, kwa sababu hasira uliyodhani ni ya filamu ilikuwa ya msiba.

Le Guin naye alikuwa na tarajio la namna hiyo. Miaka ya 1980 alimkatalia Hayao Miyazaki, mtengenezaji filamu na baba yake Goro, ruhusa ya kuvigeuza vitabu hivyo kuwa filamu, kwa kuwa hakuzijua kazi zake; baadaye akazitazama, akazipenda, akataka yeye ndiye aitengeneze. Alimngoja baba, akaletewa mwana ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Baada ya kutazama, Goro alipomuuliza kama ameipenda, alimjibu kwamba ile si kitabu chake, ni filamu ya Goro, na ni filamu nzuri. Kasoro alizieleza baadaye kwa maandishi, bila kuficha, na pia akakiri kwamba sehemu nyingi zilikuwa za kupendeza macho. Sitaki uipende filamu; nataka uone kwamba mwenye vitabu alimudu kuumizwa nayo bila kumvunjia heshima kijana aliyekuwa mbele yake.

Wewe ulishindwa hapo. Mdogo wako hakuchagua kuzaliwa kwa kuchelewa, na neno ulilomwambia lilimtoa katika mali pekee ya baba isiyogawanywa na mahakama. Kilichomfurahisha katika filamu ile huenda ndicho kile kile kilichokufurahisha wewe ukiwa mdogo, ila yeye amekipokea kwa mlango mwingine, na ulipomwona akiingia ukaufunga.

Leo ukirudi kutoka zamu, mwombe radhi kwa lile neno mahususi, usiseme "yaliyopita yamepita". Kisha mwombe mkae mtazame filamu hadi mwisho, maana umeihukumu kabla hujaimaliza, na umwache aseme anachokipenda bila kumkatiza. Siku nyingine toa kitabu cha kwanza, kile cha mwaka 1968, umsomee kwa Kiswahili jinsi ulivyosomewa, kurasa chache kila jioni, kuanzia Ged, mhusika mkuu, akiwa mtoto mchunga mbuzi kisiwani Gont. Pale unapokumbuka neno ambalo baba alilichagua, mwambie kwamba hilo ni la baba. Joka la Pendor mtalikuta katikati ya kitabu. Hapo usiwe na haraka.