Kitabu cha wanyama cha kumchekesha mtoto wa miaka 3

Pole dada. Umesema mwanao wa miaka 3 hukimbia ukifika ukurasa wa pili, na unatafuta vitabu vya wanyama vitakavyomchekesha. Wangu alikuwa hivyohivyo. Vitabu nilivyomnunulia vilikuwa vizuri, ila vilijaa maneno. Kwa umri huo tafuta chenye sentensi moja au mbili kila ukurasa, na kichekesho kiwe kwenye picha yenyewe: fisi kajifunga kanga, twiga katoboa paa kwa kichwa, kuku kaatamia kiatu. Mtoto hucheka kwa sababu anajua kuku haatamii kiatu.

Halafu usikimbilie kusoma. Mwache aitazame picha, umuulize, "Huyu kuku anafanya nini?" Au kosea makusudi. Mimi nilimwonyesha ng'ombe nikasema "nyau!" Akaniziba mdomo kwa kiganja, akapiga kelele, "Siyo! Mooo!" Tangu siku hiyo kitabu akawa anakileta mwenyewe. Akitaka kilekile mara kumi, kisome.

Kabla hujatoa hela, ingia kwenye tovuti ya African Storybook. Ina hadithi za Kiswahili zenye picha, bure, na unaweza kuzichapa. Angalia kiwango kwanza, nyingine ni ndefu mno kwake. Zile za kumcheka mnyama kwa kilema chake ziache.

Kutotulia kwa umri huo ni kawaida. Ila kama bado haungi hata maneno mawili, au hageuki ukimwita, mpeleke kliniki wampime masikio, usisubiri.