Anzia zizini

Umeuliza vijana wa kijijini watamlindaje simba wakati simba ndiye anayewamalizia ng'ombe. Ndugu yangu, anzia hapo hapo zizini. Richard Turere, kijana Mmasai wa Kenya, alikuwa na miaka 11 tu, akichunga ng'ombe wa baba yake kule Kitengela, jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Akagundua simba hawasogei mtu anapotembea na tochi usiku. Akachukua betri ya gari, sola, swichi na kile kidude kinachofanya indiketa ya pikipiki iwake na kuzima, akafunga taa kuzunguka zizi, zikimulika nje. Simba wakaacha kuja, bila mkuki! Majirani nao wakamwomba awafungie.

Amboseli nako, kusini mwa Kenya, tangu 2007, mpango wa Lion Guardians (yaani walinzi wa simba) unawaajiri morani, wengine wao waliowahi kuwinda simba, wafuate nyayo na kuwaonya wachungaji simba akiwa karibu. Wanalipwa mshahara. Hapo kwenye mshahara msipapite haraka, maana kijana aliyeitwa semina ya kulinda simba akapewa fulana na soda tu, bila mshahara, kesho yake anaamka na ng'ombe pungufu vilevile.