Kabla ya Viwavi, Hesabu Majani

Kila anayeniuliza habari za kufuga vipepeo ndani ya nyumba huanza na kizimba. Mimi humrudishia swali: una miche mingapi? Maana huu ni ufugaji kwa jina tu. Kazi yenyewe ni kulima majani mwaka mzima.

Mimi nafuga vipepeo wa mlimau, ambao viwavi wao hula majani ya mlimau. Kiwavi wao akiwa mchanga utaapa ni kinyesi cha ndege, na anachokula hukioni. Hapo ndipo mtu hudanganyika. Akishajivua ngozi mara ya nne hugeuka kijani, na katika siku chache za mwisho hula kuliko alivyokula tangu aanguliwe. Mara ya kwanza niliacha mayai 40 kwenye miche 3. Kufika wiki ya tatu ilibaki vijiti, na viwavi wakawa wanazunguka kutani kwa njaa.

Nikakimbilia kununua mche mwingine, mnene, unang'aa, hauna hata tundu moja. Hilo la kukosa tundu lingenishtua. Jioni viwavi walikuwa wakitapika maji ya kijani na kujinyonganyonga. Asubuhi nikakuta wazima 2. Dawa ya kuua wadudu ilikuwa imeingia kwenye utomvu, haitoki kwa kuosha. Siku hizi mche wa kununua hukaa pembeni miezi kadhaa, hadi uchipue majani mapya, kisha namjaribishia kiwavi mmoja.

Siku zikiwa fupi, pupa, yaani kiwavi aliyejifungia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo, wanaweza kulala kwa miezi. Mimi huwawashia taa saa 16 kwa siku, joto likiwa kati ya nyuzi 24 na 27. Taa iwake tangu wakiwa viwavi, kwani hao ndio wanaopima urefu wa mchana. Kumwashia pupa ni kuchelewa.

Usafi sitaurefusha: kinyesi kitolewe kila siku, na kiwavi aliyelegea na kuwa mweusi atolewe mara moja, kizimba kioshwe kwa klorini. Ukiweka matawi kwenye chupa ya maji, ziba mdomo kwa pamba. Viwavi huzama, tena kwa urahisi wa kukera.

Kipepeo akitoka, mbawa zake ni kama karatasi iliyofinyangwa. Lazima apate pa kung'ang'ania ili zining'inie na kunyooka. Kioo kinateleza, weka neti. Matone ya rangi utakayoyaona si damu, ni uchafu uliobaki tangu akiwa pupa. Asipojilisha, mshike mbawa zikiwa zimefumbwa, mkunjue ule mrija wa kunyonyea uliojiviringa mdomoni kwa pini hadi uguse maji ya sukari, sehemu 1 kwa 10. Baada ya mara mbili tatu wengi huukunjua wenyewe.

Kupandana kunataka kizimba kirefu chenye mwanga mwingi. Baada ya hapo namwekea jike mche niliopogoa wiki chache kabla, wenye chipukizi laini. Huligonga jani kwa miguu akilionja, huinamisha tumbo, huacha yai moja, huruka. Mimi nimesimama pembeni nahesabu. Likifika la 20, mche natoa.