Kipimo ni bure, lakini aibu ndiyo kikwazo

Dada, umeuliza kwa nini wanawake wa Kihindi, Kipakistani na Kibangladeshi huku Uingereza hawaendi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi wakati kipimo ni bure. Si uzembe jamani. Barua ya mwaliko inakuja kwa Kiingereza, mama hakisomi, anayemfungulia ni mtoto wake wa kiume. Atamwambia nini kijana huyo? Wengine wanaogopa kukutana na daktari mwanamume, ilhali kwa kawaida anayepima ni nesi mwanamke, na unaweza kuomba hivyo mapema.

Kubwa zaidi ni fikra kwamba kipimo ni cha "waliotembea ovyo". Virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na ndivyo chanzo kikuu cha saratani hii, vinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kwa hiyo hata aliyejua mume mmoja tu anaweza kuwa navyo. Na msichana ambaye hajaolewa? Akionekana kliniki, maneno yanaanza. Anaogopa pia kifaa kitaharibu bikira yake. Hilo linaniumiza sana.

Jirani yangu hapa Leicester, bibi wa Kigujarati aliyetoka Uganda 1972 na Kiswahili chake bado kitamu, alikuwa amezificha barua tatu chini ya kopo la unga wa chapati. Tulipozisoma pamoja taratibu, akauliza jambo moja tu: "Nitavua nguo zote?" Hapana, ni za chini tu, na shuka unafunikwa. Wiki iliyofuata alikwenda.