Mwalimu wa muda, piga hesabu kabla ya kushika chaki

Vyuo vingi vya Uganda humlipa mwalimu wa muda kwa saa za darasani tu. Kozi ya krediti 3 ni saa 45: saa 3 kila wiki, kwa wiki 15. Tuseme umeahidiwa shilingi 30,000 kwa saa. Jumla ni 1,350,000. Ongeza saa 45 za kuandaa masomo, kisha wanafunzi 120 ambao kila karatasi ya mtihani inakula dakika 15, yaani saa 30 nyingine. Sasa saa zako ni 120, na kila moja inakuletea 11,250. Ukiwa na ajira kuu kwingine, kazi hii ya pili hukatwa kodi ya asilimia 30, na hapo hujapanda boda.

Maabara ina mtego wake. Saa 2 za vitendo huhesabiwa saa 1 ya darasani, kwa hiyo ukijaza fomu ya madai kwa saa ulizosimama maabara, itarudishwa.

Usianze kufundisha kwa neno la simu la mkuu wa idara. Omba barua ya uteuzi inayotaja kozi, muhula, idadi ya saa, malipo kwa saa, na kama usahihishaji unalipwa. Barua ikitoka wiki ya 6, mhasibu anaweza kuzikataa saa zilizoitangulia. Na wakuu wa idara hubadilishwa. Mrithi hafungwi na ahadi za mdomo.

Kila kipindi andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na mada, kisha mwakilishi wa darasa atie sahihi siku hiyohiyo. Sahihi za muhula mzima zilizotiwa kwa mkupuo hujulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja. Sikukuu ikiangukia siku yako, fidia na uandike tarehe ya kufidia, la sivyo saa 45 zitageuka 42.

Alama zikabidhi kwa orodha, ubaki na nakala yenye muhuri. Wapo wanaozishikilia mpaka walipwe. Siungi mkono: anayeumia ni mwanafunzi, na chuo kinapata kisingizio.

Malipo yakikwama, mwandikie mkuu wa idara, nakala kwa mhasibu. Kimya kikizidi, Sheria ya Ajira ya 2006 inamtambua afisa wa kazi wa wilaya kuwa mpokeaji wa malalamiko ya wafanyakazi. Mpelekee nakala za barua, daftari na fomu. Karatasi halisi zibaki kwako.