Pesa za MBA ninazo, lakini moyo unataka Kifaransa

SWALI

Shangazi shikamoo,

Mimi ni msichana wa miaka 29, naishi Likoni na nafanya kazi ofisi ya kliaringi na fowadingi, kutoa mizigo ya wateja bandarini, hapa mjini, mwaka wa sita sasa. Digrii ya biashara ninayo. Nimeweka akiba laki tatu na nusu ya kusomea MBA (shahada ya uzamili ya biashara), laki moja katika hizo alinipa kaka yangu mkubwa, na nafasi nimeshapata, masomo ya jioni na wikendi, naanza Septemba.

Tatizo ni moyo hauko huko. Mwaka jana alikuja mteja kutoka Lubumbashi, Kongo, mzee mmoja mstaarabu sana, Kiswahili chake tunaelewana vizuri tu lakini makaratasi yake yote Kifaransa, akawa anaketi na mimi ananionyesha kwa kidole, hii connaissement ndiyo bili ya ledingi, hati ya mzigo wa meli, hii facture ndiyo invoisi, hapa kwenye destinataire ndipo jina la anayepokea mzigo, mpaka nikaanza kuyasoma mwenyewe, na siku mzigo wake mwengine ulipokwama kwa sababu uzito wa karatasi moja haukulingana na wa nyengine, mie ndiye niliyeliona kosa kabla ya mtu yeyote ofisini. Tangu siku hiyo najifunza Kifaransa kwa simu kila usiku. Nataka niiache hiyo MBA nijifunze mwenyewe mpaka nikijue sawasawa. Mama anasema natupa bahati yangu, na majirani wote ameshawaambia nasoma MBA. Nifanyeje?

Msomaji, Likoni

JIBU

Marahaba mwanangu. Usilipe hiyo ada ya Septemba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. MBA umeiandikia pesa na tarehe basi, hukutaja hata somo moja unalolitamani, lakini yule mzee wa Lubumbashi umempa nusu ya barua na mpaka kidole chake nimekiona. Mtu akijitia miaka miwili ya jioni na wikendi kwa kitu asichokuwa na hamu nacho, anamaliza amechoka na karatasi anaitia kwenye faili.

Ila nikwambie na upande wa pili, maana sitaki ufurahi haraka. Darasa lina kitu ambacho simu yako haina, darasa linakulazimisha. Kuna mwalimu anakungojea, kuna tarehe ya mtihani, kuna pesa imeshatoka. Mie nilifanya kazi risepsheni ya hoteli huko Bamburi enzi za Wajerumani wengi na Kijerumani nikajifunza mwenyewe, kwa masikio tu, mwaka wa kwanza nikaenda mbio kila mtu akanisifu, halafu nikasimama pale pale. Miaka sita nasema yale yale, chumba hiki, kiamsha kinywa saa fulani, safari njema. Siku moja mgeni mmoja mama wa makamo akaniletea barua ya hospitali ya kwao kwa sababu alikuwa mgonjwa na daktari wetu anataka kujua anatumia dawa gani, akanipa kwa imani kabisa, nami nikaishika ile karatasi nisiweze kuisoma hata mstari mmoja. Nilihisi vibaya sana siku ile. Hakuna aliyewahi kunipima, na mie sikuwahi kujipima, ndiyo sababu.

Kwa hivyo cha kwanza jipe tarehe. Kuna mtihani wa DELF, huo ni wa wizara ya elimu ya Ufaransa, una ngazi, kutoka ya chini kwenda juu, A1, A2, B1 na B2, na huhitaji kuwa mwanafunzi wa darasa lolote ili uufanye, unajiandikisha mwenyewe unalipa unakwenda, na cheti chake hakiishi muda. Hapa Mombasa nenda ukaulizie Alliance Française. Ninavyoupendea ni hivi: sehemu ni nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema, kila moja alama 25, unapita ukifika 50 kwa 100 lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu hata moja umeanguka, hata jumla ikiwa nzuri vipi. Sasa wewe wa makaratasi kusoma kutakuwa mteremko, kusema na kuandika ndiko kutakakokutoa jasho, na mtihani huu haukuachi ujifiche. Anza na A2, usikimbilie B2 kwa sababu ya fahari.

Muda je? Foreign Service Institute, ile shule inayofundisha lugha mabalozi na maafisa wa Marekani, Kifaransa wanakipangia kama wiki 30 za darasa, masaa kama 700 hivi (na Kiswahili chetu wamekipa wiki 36, mwambie mama hilo akidhani lugha ni kitu cha kuokota njiani). Hesabu hiyo ni ya mtu aliyeanza na Kiingereza, na Kiingereza unacho. Ukitoa saa moja kila siku bila kuruka ni karibu miaka miwili, yaani muda ule ule ambao ungekaa kwenye MBA. Saa hiyo unayo, hata kabla ya usiku wako wa simu. Hesabu unavyosimama kwenye shedi ya Likoni asubuhi kungoja feri, kisha kupanda, kuvuka, kushuka, na jioni tena vivyo hivyo. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wanatoa habari kwa Kifaransa chepesi kwa ajili ya wanaojifunza, na idhaa ya Kiswahili pia wanayo, sikiliza habari ya Kongo kwa Kiswahili ndiyo uisikilize kwa Kifaransa, utashangaa utakavyoishika.

Na masikio yatangulie macho. Sisi tumezoea Kiswahili, kilichoandikwa ndicho kinachosomwa, Kifaransa hakiko hivyo kabisa. Hilo neno poids kwenye karatasi zako, ndio huo uzito ulioukamata, linatamkwa pwa, hiyo d na hiyo s zipo kwa macho tu. Ukilisoma kimoyomoyo kwa Kiswahili mwaka mzima, siku mteja akilitaja kwa simu hutajua kama ni lile lile.

Hapa ndipo kujifunza mwenyewe kunapoishinda MBA na hata kozi nyingi za Kifaransa. Programu ya simu itakufundisha kuwa 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na 90 ni quatre-vingt-dix, nne mara ishirini halafu kumi. Mteja wako wa Lubumbashi atakwambia septante na nonante, kwa sababu wao walichukua Kifaransa cha Wabelgiji waliowatawala. Wewe unashughulika na kilo na namba za kontena siku nzima, ukisikia nonante-sept ukaganda, mzigo umekwama. Kwa hiyo kitabu chako kikuu kiwe ni hizo hizo karatasi za ofisini. Chukua daftari, maneno kumi kwa wiki kutoka kwenye facture na manifesti, ile orodha ya mizigo, na ile FERI unayoijua, fomu ya kielektroniki ya taarifa za mizigo inayoingia Kongo, yanakili kwa mkono wako, majina na bei za wateja uziache huko huko maana hizo ni siri za watu. Na kila Ijumaa mpigie au muombe Mkongo mmoja anayekuja ofisini dakika kumi za mazungumzo, Kifaransa kitupu, akusahihishe bila huruma. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, Burundi nao karatasi zao Kifaransa, hao watu utaendelea kuwaona.

Sasa la ukweli kuhusu MBA. Siidharau. Ina hesabu, ina usimamizi wa watu, na wale unaosoma nao ndio wanakuja kuwa wateja. Na tangazo la kazi likisema shahada ya uzamili, DELF haitakuvusha. Kama ndoto yako ni kuwa meneja wa shirika kubwa basi nirudishie barua nyengine tuzungumze upya. Lakini kama ni kukaa kwenye mizigo, karatasi itakayokusaidia mapema ni ile ya EACFFPC, cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha na usafirishaji mizigo, KESRA, chuo cha mamlaka ya mapato ya Kenya, wanaifundisha hapa hapa Mombasa, na kama miaka sita yote hujaifanya nashangaa, ifanye. MBA utaikuta hata ukiwa na arobaini. Waulize chuo kama wanaruhusu kuahirisha, uliza kwa maandishi.

Kaka yako lakini usimchezee. Laki moja aliitoa kwa ajili ya MBA. Nenda kwake mwenyewe, si kwa simu, umrudishie zake mkononi kabla hujaanza kueleza, akizikataa umshukuru, akizichukua usinune, laki mbili na nusu zatosha mitihani na vitabu na hata mwalimu wa kuzungumza naye mara moja kwa wiki.

Mama nae, keti naye jioni akiwa ametulia, uwe na karatasi moja tu mkononi, lile kosa la uzito, au uliandike upya kwenye daftari kama karatasi yenyewe ni ya ofisi. Muonyeshe lilipokuwa na ulivyoliona. Hajawahi kukuona ukifanya kazi yako, mwanangu, anachojua ni jina la kozi.